Chapchap Kamsahau Mtoto

Siku aliyomsahau mwanawe, Chapchap hakusahau kitu kingine chochote. Alikumbuka vitunguu. Alikumbuka mafuta ya kuchua goti la mama mkwe wake, na karatasi ngumu ya binti yake ya kuchorea ramani, maana mwalimu alishasema asiyekuja nayo asiingie darasani. Alikumbuka kupitia kwa dobi kuchukua suruali ya kazi ya mumewe. Alikumbuka kwamba gesi inakaribia kuisha, kwamba maharage aliyoyaloweka asubuhi yasipochemshwa leo yatachacha, na kwamba bomba la uani hukauka jua likizama, kwa hiyo ndoo zijazwe kabla. Yote hayo aliyabeba, mengine mikononi, mengine kichwani, akaingia nyumbani mbiombio kama mtu anayefukuzwa.

Jina la Chapchap alilipata kazini, kwenye karakana ya kushona sare za shule, kwa ajili ya wepesi wa mikono yake. Wenzake wakiwa bado wanapanga kola, yeye keshazitia na anadai nyingine. Jina likamfuata mpaka mtaani. Watu walilitamka kwa kumsifu, naye alilipokea hivyo hivyo, asijue kwamba sifa nayo ni mzigo: anayeitwa mwepesi haachwi akapumua.

Mumewe alikuwa ameshafika. Alikuwa fundi umeme, mtu wa maneno machache, asiyelewa, asiyepiga, asiyelala nje. Mtaa mzima ulimwita Mpole, na wanawake wenye waume wakorofi walimwambia Chapchap ameokota dodo chini ya mwarobaini. Jioni hiyo alikuwa kitini, miguu juu ya stuli, anatazama mpira kwenye runinga. Kando yake alikaa mama yake, Bibi, goti bovu kalinyoosha juu ya mto.

"Umechelewa leo," Bibi alisema.

"Kwa dobi kulikuwa na watu, mama."

"Mimi sisemi kitu. Tumbo ndilo linalosema."

"Ndiyo naingia jikoni, mama."

Akaingia. Akabandika maharage, akachambua mchele, akajaza ndoo, akakata vitunguu, na huku anakata akawa anamwelekeza binti yake aanze kuchora mito kabla ya milima. Binti huyo hajafikisha hata miaka kumi na moja, lakini nyumba nzima ilimwita Dada kwa kuwa ndiye mkubwa. Ni yeye aliyetoa sahani kabatini, akazipanga mezani, kisha akasimama mlangoni mwa jikoni na ile ndogo ya plastiki mkononi.

"Mama, Bwana Mdogo yuko wapi?"

"Si yuko huko na baba yake?"

"Hayupo."

Mpole alijibu kutoka sebuleni bila kubandua macho kwenye mpira. "Yuko na mimi tangu lini? Si wewe unayemchukua chekechea?"

Mwiko ulimtoka Chapchap mkononi. Aliliona lango la chekechea. Aliuona mkono mdogo, wenye jasho na chaki, ndani ya mkono wake. Aliiona njia, aliona dobi anahesabu nguo, aliona karatasi ya ramani inataka kupeperuka. Halafu ule mkono mdogo haukuwapo tena, na hakujua ulikatikia wapi.

Alitoka nje na aproni yake, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna.

*

Mpole alimfuata akifunga vifungo vya shati. "Umemwacha wapi?"

"Ningejua ningekuwa hapa nakimbia?"

Kwa dobi hakuwapo. Dobi akaacha pasi, akasema hakumwona mtoto yeyote, aliona mizigo tu. Kwa muuza mboga hakuwapo. Barabarani magari yalikuwa yanawasha taa, na kila breki iliyolia ilimpasua Chapchap kifua. Mtoto wa miaka mitatu. Mtoto anayemfuata kila paka. Alimwona chini ya gurudumu, akamwona mtaroni, akamwona ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, na picha zote tatu zilikuja kwa mpigo mmoja, wazi kabisa, kana kwamba zilikuwa zimejipanga humo kichwani muda mrefu zikisubiri kufunguliwa.

Walimkuta duka la dawa. Alikuwa amekaa juu ya kiti kirefu nyuma ya kaunta, anakula biskuti, miguu inaning'inia, na mwenye duka, mama mtu mzima mwenye miwani, anamwonyesha picha za kwenye kalenda.

"Ulimketisha hapo kwenye benchi ili ufungue pochi," mwenye duka alimwambia Chapchap. "Ukachukua mafuta yako, ukashika mizigo, ukatoka. Nikajua umeingia hapo jirani, unarudi. Nikangoja wee."

Chapchap alimkumbatia mtoto mpaka akalia. Watu watatu wanne walikuwa wamesimama mlangoni, maana habari ya mtoto aliyepotea haihitaji mpiga mbiu.

"Akina mama wa siku hizi na simu zao," mmoja alisema.

"Si Chapchap huyu? Chapchap kamsahau mtoto!" Mwingine akacheka, si kwa ubaya, ila alicheka.

Simu yake ilikuwa nyumbani juu ya friji tangu asubuhi. Mpole alimchukua mtoto, akampandisha mabegani, wakarudi; na njia nzima watu walimpa pole yeye, baba wa watu, aliyetoka mbio kumtafuta mwanawe.

*

Maharage yalikuwa yameungua. Walikula wali mtupu, na baada ya kula Bibi akafungua kikao.

"Mimi nimelea saba," alisema. "Saba! Maji ya kuteka mbali, kuni za kukata mwenyewe. Sikumsahau hata mmoja. Wewe una bomba uani, una gesi, una wawili tu. Kichwa chako kinakwenda wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi ukijue."

"Mama, yaishe," Mpole alisema kwa upole wake. Alimgeukia mkewe, na sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli. "Umechoka tu, mke wangu. Usijitese. Ukishamaliza kuosha vyombo, upumzike."

Chapchap aliosha vyombo. Alisugua sufuria iliyoungua mpaka vidole vikauma, na wakati wote huo alikuwa ameliacha shati la mtoto limefungwa fundo kwenye mshipi wa aproni yake, mtoto mwenyewe ndani ya shati, analia anataka kwenda kulala.

*

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake kama mpangaji asiye na nia ya kuondoka. Alishona ukanda wa kitambaa cha sare, imara, mshono juu ya mshono. Upande mmoja kishikizo cha mkono wake, upande wa pili cha mkono wa Bwana Mdogo. Walitembea nao barabarani, mtoto akijivuta kama mbuzi wa mnadani, na watoto wa mtaa wakiwafuata wakicheka. Nyumbani alifunga jiko, akatoka, akarudi kulitazama, akatoka, akarudi kuligusa. Akiwa kazini moyo ulimwenda mbio bila sababu, viganja vikalowa, na kitambaa cheupe kikachukua madoa ya jasho lake. Usingizi ulikuja, lakini ulikuwa usingizi wa mlinzi: jicho moja ndani, jicho moja nje.

Msimamizi wa karakana alimletea fungu la mashati mbele ya wote. "Hii ni kola au ni mfuko? Umezitia zote kichwa chini miguu juu. Chapchap, jina lako tukalirudishe?"

Wenzake walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa kuwa yeye hakucheka. Alikaa kuzifumua. Alifumua, akashona, akawaza kama alifunga mlango wa uani, akawaza kama Bibi amemeza dawa yake, kama Dada ana kalamu, kama maziwa yalirudishwa mahali pa baridi, kama mumewe atataka maji ya moto, kama Bwana Mdogo, kama Bwana Mdogo, kama Bwana Mdogo. Jirani yake wa mashine ya pili ndiye aliyepiga ukelele. Sindano ya cherehani ilikuwa imepenya ukucha wa Chapchap na kutokea upande wa pili, na Chapchap alikuwa bado anakanyaga pedali.

*

Daktari wa zahanati alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu ya zamu ndefu. Alitoa kipande cha sindano, akafunga kidole, halafu hakumwambia aondoke.

"Hukusikia maumivu?"

"Nilikuwa nawaza."

"Unawaza nini?"

Chapchap alifungua kinywa. Kwamba anawaza maziwa? Kwamba anawaza kalamu? Aliona haya. "Mambo ya nyumbani tu, daktari. Madogo madogo."

"Nani anakusaidia hayo madogo madogo?"

"Mume wangu ananisaidia sana. Ni mtu mzuri."

"Anakusaidia nini?"

Swali lilikuwa jepesi. Chapchap alitafuta. Alipita chumba hadi chumba kichwani mwake kama mtu anayetafuta funguo, jikoni, uani, kwenye kamba ya nguo, kitandani kwa watoto, kwenye dawa za Bibi, na kila alipoingia alijikuta mwenyewe ameinama.

"Hanipigi," alisema mwishowe.

Daktari aliiweka kalamu chini. Kitendo hicho kidogo ndicho kilichomliza Chapchap. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, kidole kilichofungwa kakiinua juu kisiguswe.

"Huna wazimu," daktari alimwambia alipotulia. "Kichwa chako kimebeba kupita kiasi, kwa muda mrefu, na sasa kimeanza kuangusha. Huo moyo kwenda mbio, huko kurudi kutazama jiko, ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Utakuwa unakuja tuzungumze. Lakini kwanza nakuandikia wiki mbili za kupumzika nyumbani."

Chapchap alicheka kabla hajajifuta machozi. "Daktari, nyumbani ndiko kazini kwenyewe. Kule karakanani ndiko ninakokaa kitako."

*

Hata hivyo alilala. Siku ya kwanza alilala kwa sababu mwili ulikataa kuinuka, na siku ya pili vilevile. Mpole alisimama mlangoni, akamtazama, akakuna kichwa. Alimletea tunda. Aliuliza kama anahitaji kitu, akajibiwa hapana, akaenda kazini akiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu.

Na nyumba haikuanguka. Jambo hilo lilimshangaza Chapchap, akiwa amelala ameutazama ukuta. Alisikia ndoo zinajazwa. Alisikia ufagio. Alisikia sufuria, mapema kabla hakujapambazuka vizuri, na sauti ya Bibi kutoka chumbani kwake: "Dada! Uji usishike chini. Koroga! Mama yako anaumwa, sasa mama wa nyumba ni wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Ukitoka shule mpitie mdogo wako. Usije ukamwacha njiani kama wengine."

"Ndiyo, Bibi."

Jioni alisikia kupitia ukutani vijiko vinagonga sahani, na mumewe anasema kwa furaha ya kweli, "Binti yangu amekuwa mkubwa! Wali huu umepikwa na mtu mzima kabisa." Bibi akacheka. Dada hakucheka.

Baadaye kidogo mtoto huyo aliingia na chakula cha mama yake. Alitembea polepole, macho kwenye sahani, paji la uso limekunjamana mikunjo miwili midogo juu ya pua. Chapchap aliijua mikunjo ile. Aliiona kila siku kwenye kioo.

"Kaa hapa kidogo, mwanangu."

"Siwezi, mama. Sijaanika nguo, na Bwana Mdogo hajaoga, na lazima niloweke maharage."

"Shule vipi?"

Dada alitazama mlango. "Mwalimu amenisimamisha mbele ya darasa. Nililala kwenye hesabu." Kisha akashusha sauti, kama anayeungama kosa. "Mama, nikiwa darasani nawaza kama nimezima jiko. Najua nimezima. Lakini nawaza. Moyo unanienda hivi." Akapigapiga kifua chake kwa ngumi ndogo, upesi upesi. "Na wewe unakuwaga hivyo?"

Chapchap aliutazama ule mkono mdogo. Angeweza kuvumilia mengi. Mwanamke akishazoea kubeba, hata akiongezewa jiwe hulitafutia nafasi. Lakini hakuwa amejua kwamba mzigo ule ulikuwa umeshapata mrithi, na kwamba yeye, kwa kunyamaza kwake kote, ndiye aliyekuwa akimwonyesha namna ya kuinama.

Alishusha miguu chini. Chumba kilizunguka, kikatulia.

"Kalale," alimwambia binti yake.

"Na nguo?"

"Kalale, mama'ngu. Nguo zina mwenyewe."

*

Walimwona akitokea sebuleni na nguo zake za kulalia, nywele timtimu, mwiko mkononi, kwa kuwa alikuwa amepitia jikoni kwanza. Bwana Mdogo alikuwa chini anavuruga biskuti. Mpole akapunguza sauti ya runinga.

"Umepata nafuu?"

"Shika," Chapchap alisema, akamnyooshea mwiko.

"Nishike wa nini?"

"Shika kwanza."

"Heh!" Bibi alishtuka. "Mwanangu atoke juani huko, apande nguzo siku nzima, aje ashike mwiko, na wanawake tumo ndani watatu?"

"Wanawake ni wawili, mama. Wa tatu ni mtoto. Leo kasimamishwa darasani kwa usingizi." Mwiko ulikuwa bado hewani kati yake na mumewe. Aliogopa. Hakuwahi kusema naye hivi mbele ya mama yake. Aliogopa kwamba atalia kabla hajamaliza, au atasahau alichotaka kusema, maana kichwa chake siku hizi hakikuwa mtu wa kutegemewa.

"Mimi nilimsahau mtoto," alisema. "Sikatai. Nitalala na jambo hilo mpaka nizikwe. Watu wamecheka, mama amenisema, na wewe umenisamehe. Lakini nataka nikuulize, baba wa watoto. Wewe umewahi kumsahau?"

"Mimi? Hata siku moja."

"Kwa nini?"

Mpole alifungua mikono, kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji hulowesha.

"Kwa sababu mtu hasahau asichowahi kukumbuka," Chapchap alisema. "Mimi nilimsahau mara moja. Wewe hujawahi kumkumbuka hata hiyo mara moja. Kila siku yuko kichwani mwangu, wewe uko kwenye mpira. Na mimi nikianguka, kichwa kinachofuata si chako. Ni cha yule."

Kwenye runinga watu walifunga bao, uwanja mzima ukaruka bila sauti. Mpole aliinuka, uso umeiva kwa fedheha, akaupita mwiko, akatoka nje na kuufunga mlango nyuma yake. Bibi akatikisa kichwa.

"Umeona sasa? Umemfukuza mume kwa mdomo wako."

Chapchap alikaa kwenye kiti kile kile alichotoka mumewe. Kilikuwa bado na joto lake. Alikaa akisikiliza lango, huku akijiambia ameivunja nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe. Muda ulipita, chai ya Bibi ikapoa. Hatimaye walisikia nyayo uani, halafu ukimya, halafu sauti ya nguo mbichi ikikung'utwa. Bibi alivuta pazia. Mwanawe, fundi umeme, alikuwa anaanika sketi ya shule kwenye kamba, juu chini, kama mtu anayening'iniza popo.

Hakuomba radhi usiku huo wala asubuhi yake. Alipika uji, ukashika chini. Bibi aliukataa, akasema hatakula kilichopikwa na mwanamume; ilipofika saa ya dawa yake, isiyomezwa tumbo likiwa tupu, akauomba kwa ishara, bila kumtazama mtu. Njaa haina mila. Kisha Mpole akamshika Bwana Mdogo mkono, akamuuliza mkewe chekechea ni lango la bluu au la kijani, akaelekezwa, wakaondoka. Dada alikwenda shule na mkoba wake tu.

*

Alasiri simu ililia. Chapchap aliiona namba ya mwalimu wa chekechea, na kabla hajaipokea alishamwona mtoto chini ya gurudumu, mtaroni, mkononi mwa mtu asiyemjua.

"Mama Bwana Mdogo, samahani kwa usumbufu," mwalimu alisema. "Hapa langoni kuna mwanamume anataka mtoto. Anasema yeye ndiye baba yake. Sisi hatumfahamu."

Nyuma ya sauti ya mwalimu ilisikika sauti ya Mpole, ndogo, imenywea. "Mwambie nimevaa lile shati la kijivu."

"Ni mwaka mzima sasa mtoto yuko kwetu, mama, hatujawahi kumwona; hata asubuhi mtoto aliingia langoni peke yake. Tumemuuliza mtoto, anasema huyu ni wa kwao. Lakini watoto nao, unajua. Wazazi wengine wamesimama wanangoja, nimeona nikupigie."

Chapchap aliinuka. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, na mguu mmoja ulishaingia; kutoka hapo mpaka langoni ni mwendo mfupi, angefika, angemaliza mambo, angewatoa wote katika aibu hiyo. Alisimama hivyo, mguu mmoja ndani ya kiatu. Alimwona mumewe mbele ya wale wazazi, mtu mzima, anathibitishwa kama kifurushi. Alimhurumia. Kisha akautoa mguu.

"Ndiye baba yake," alisema. "Mpe."

Njia kutoka chekechea haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Alikaa kitini, viganja vikalowa, moyo ukamrukaruka. Alihesabu magari, akaacha kuhesabu, akataka kupiga simu, akaiweka simu chini ya mto na kuukalia. Bibi alimtazama kwa pembe ya jicho.

Waliingia kwa mlango wa uani. Mpole alikuwa na mtoto kifuani na nyanya kwenye mfuko wa nailoni, nyingine zimepasuka. Hakumsalimia mtu. Kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho Chapchap hakuwahi kukiona, kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe akakuta hajui swichi ziko wapi. Alimtua mtoto katikati ya sebule, akachuchumaa mbele yake mpaka macho yao yakalingana.

"Unataka kula nini?"

Bwana Mdogo alifikiri. "Sijui. Muulize mama."

Mpole aliinua uso, akamtazama mkewe. Chapchap alikuwa macho kabisa, amekaa wima kwenye ukingo wa kiti, na jibu lote lilikuwa tayari ulimini: wali laini, usitie pilipili, kijiko kile kifupi, maji kwanza yapoe. Walitazamana.

"Mama amelala," Mpole alimwambia mtoto.

"Mbona macho yake yako wazi?"

"Amelala. Twende tutafute wenyewe."

Wakaingia jikoni. Kifuniko kikaanguka, kikazunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia. Kabati likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa. Moyo wa Chapchap ulikuwa bado unamwenda mbio, na mikono yake ilikuwa imeshika kiti kwa nguvu, lakini hakuinuka. Akaegemea, akayafumba macho.